Ugali Nilioususa Nyumbani Kwako

Kaka yangu Wambura,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Paskalia na wote wanaolala chini ya paa lako, na kwamba goti lako halikusumbui kama ule mwaka wa mvua nyingi. Sisi huku Mbagala tunaendelea. Joto limetukalia kooni na mbu wa huku hawana adabu, lakini tunakula na tunalala. Veronika mwanangu anakusalimia, na mume wake pia, na mtoto wao anayejifunza kusimama kwa kushika sketi yangu anakusalimia ingawa hajui wewe ni nani. Na Magesa mwanao anakusalimia. Salamu yake nimeiweka mwisho makusudi, ili uipokee ukiwa umeshakaa vizuri kwenye kiti.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, simu yako ukiongea unaweka sauti ya juu, na uani kwako hapakosi mtu. Halafu mimi na wewe tangu niondoke tumekuwa tukisemeshana kupitia kwa Veronika, kama watu wawili wanaouziana ng'ombe mnadani huku dalali kasimama katikati. Yapo maneno dalali hawezi kuyabeba. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya mwanangu, nimefukuza kila mtu, naandika kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la saba. Atakayekuletea ni mama mmoja wa Kiabakari aliyekuja huku kumwona mwanawe. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asiiache dukani. Naomba uisome peke yako kwanza, baadaye utaamua nani mwingine aisikie.

Veronika alishakupigia akakwambia Magesa amepasuliwa mgongo na ametoka salama. Ni kweli tupu. Jana amekaa kitandani bila kushikiliwa, na vidole vya mguu wa kushoto, vile vilivyokuwa vimelala kama vya mtu mwingine, vinacheza akiviamrisha. Lakini yapo ambayo Veronika hakukwambia kwa sababu na yeye hayajui. Ni mambo ya aibu, kaka, na nimekuwa nikiyazungukazunguka tangu nishike kalamu. Itabidi nirudie hata yale unayoyajua, maana wewe uliyaona ukiwa umesimama upande wako na mimi nilikuwa wangu.

Wewe unajua nyumba yako ilivyoanza. Ng'ombe waliotoka Nyamuswa kuja kunioa mimi ndio waliokwenda kumwoa Paskalia. Hawakupata hata muda wa kulizoea zizi la baba, wakatolewa tena. Sikuwahi kunung'unika, ndivyo tunavyofanya kwetu. Dada anaolewa, kaka anaoa, na tangu hapo watoto wa yule kaka wanamhusu yule dada kwa namna ambayo hata mama yao haifikii. Na tangu tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba shangazi ambaye ng'ombe wake walijenga nyumba asiachwe atoke kwenye nyumba hiyo analia. Hahitaji kutamka kitu. Machozi yake na chakula alichokikataa vinatosha kumwangukia mtoto.

Na mimi nilitoka nalia. Nilikuwa nimerudi nyumbani mjane, nikakuomba mtamba mmoja nianzie maisha, ukasema kila ng'ombe pale ana kazi yake. Labda kweli walikuwa na kazi. Paskalia alikuwa ameshapakua ugali, ule wa muhogo na mtama kama ninavyoupenda, na bakuli la maziwa mgando pembeni yake. Nikaususa. Nikainuka, nikapita katikati ya zizi nikifuta macho kwa khanga, sikuaga mtu. Sikusema hata neno moja, na hilo ndilo lililokuja kunitesa. Kama ningekuwa nimesema neno, ningelikumbuka na kuliangalia kama lilikuwa laana au hasira za kawaida tu. Sasa sikuwa na neno la kuliangalia, nilikuwa na machozi tu.

Mvua zilizofuata Magesa akaanza kushika kiuno. Tukasema ni mawe, maana likizo alikuwa anakwenda na wenzake kubeba mawe ya dhahabu. Ukamkataza, akaacha, na maumivu yakabaki. Zahanati wakampa vidonge. Akilala ndiyo yanazidi, akiamka anatembea kama mzee, na mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Ndipo wazee wakaanza kuuliza, tena kwa sauti ya chini kama watu wasiotaka ugomvi, huyu mtoto ana shangazi?

Siku uliyoniita, uani palikuwa pamejaa. Magesa alilazwa kifudifudi juu ya ngozi kwa sababu chali alikuwa hawezi. Nikapewa ulezi nitafune, nikapewa maji, nikaambiwa niteme pale kiunoni na niseme kwamba kilichokuwa moyoni mwangu nimekitoa. Nikatema. Nikasema. Mtu akisema amekitoa, maana yake alikiweka. Wote waliokuwa uani walielewa hivyo. Najua na wewe unadhani nilikubali ili tu yaishe, ili watu waende makwao. Hapana kaka. Nilikubali kwa sababu niliamini. Wazee nilikuwa nimeshawasahau. Nilikuwa natazama mgongo wa mtoto niliyembeba mwenyewe akiwa mchanga, nikisema moyoni, Nyanjura, tazama ulichofanya.

Kisha akapata nafuu. Unakumbuka alivyotembea mpaka kanisani kwa miguu yake, na wewe ukanichinjia jogoo, na watu wakasema mnaona. Haukupita muda mrefu yakarudi na nguvu mpya, na safari hii mkojo ukawa unamtoka bila yeye kujua. Walewale waliosema mnaona wakasema tena mnaona. Baba mdogo Makuru alisimama pale getini akaongea bila kunitazama.

"Ile mate haikutoka na roho yote," alisema. "Kuna kitu huyu alibakizaga."

Nilikwenda nyumbani nikajichunguza, na kaka, nikakiona. Wakati natema, jicho langu lilikuwa limemwona yule mtamba niliyenyimwa amesimama kivulini anacheua zake, na moyo ulinichoma. Kidogo tu, kama mwiba wa kwenye nguo. Nikajua ndicho hicho nilichobakiza. Sijawahi kumwambia mtu habari ya ule mchomo, hata padri sikumwambia, unausikia leo wewe wa kwanza.

Baada ya hapo unajua yaliyofuata. Maziwa niliyokuwa nachuuza yakakosa wanunuzi. Jumuiya wakahamisha sala isifanyike tena kwangu, wakasema kwa upole kwamba kwangu ni mbali, na kwangu ni palepale palipokuwa siku zote. Nikafungasha, nikaja kwa Veronika. Mlisema nimekimbia, na mlisema kweli. Nilifikiri nikiwa mbali hicho kitu changu kitapungua nguvu, kama mtandao unavyokata basi likishaacha mnara nyuma. Nilipokuwa Bunda stendi nilitamani kurudi kukuaga. Nikaogopa nikija nitalia tena, na sikutaka kulia tena kwenye nyumba yako.

Sasa fikiria nilivyosikia siku Veronika aliponiambia Magesa ametoka Musoma akapelekwa Mwanza, na Mwanza wamempa rufaa ya kuja huku huku Dar. Chai ilinipalia. Nikamuuliza mjomba wako amesemaje kuhusu mimi. Akasema ulisema tu, haya basi. Nakuelewa kaka. Ulinikabidhi mtoto kwa sababu hukuwa na mwingine wa kumkabidhi. Kaka yake alipomleta akamwacha wodini na kurudi kazini kwake Bunda, huku hakubaki na mtu ila sisi.

Hapa ndipo aibu yangu ya kweli inapoanzia. Nilipika kila siku. Nilimpikia mtori, nikamtafutia sato, nikamkorogea uji wa ulezi. Lakini sikumpelekea mwenyewe. Nilimpa Veronika, au mkwe wangu, na siku walizobanwa na kazi nilikwenda mpaka mlango wa wodi, nikamwomba muuguzi aniingizie hotipoti. Niliogopa kumgusa. Niliogopa chakula kikitoka kwenye mkono wangu kwenda kwenye mdomo wake kitakwenda na ule mwiba. Nilikuwa nasimama mlangoni nampungia mkono kama mtu anayesindikiza basi, na yeye ananipungia, halafu naondoka. Nikifika nyumbani Veronika ananiuliza hali ya mgonjwa, namwambia hajambo, kama vile nimekaa naye.

Siku moja muuguzi akanikatalia. Akasema, mama, leo tuko wachache, ingia mwenyewe. Nikaingia. Nikaweka hotipoti juu ya kikabati chake, nikarudi nyuma mpaka kwenye kitanda cha jirani. Magesa hakunitazama. Alikuwa anavutavuta shuka, akaongea taratibu ili wengine wasisikie.

"Shangazi, kama ni harufu, leo wameniogesha. Sinukagi tena."

Kaka, nilitamani sakafu ile inimeze. Yule kijana, ambaye wasichana wa pale kwetu walikuwa wanatua ndoo wakimwona anapita na baiskeli, alidhani namkimbia kwa sababu ya mkojo. Siku zote zile mimi nimesimama mlangoni na aibu yangu, kumbe yeye yuko kitandani na ya kwake, kila mmoja anadhani mwenzake anamkwepa. Nililia mbele ya wodi nzima. Nilimshika kichwa, nikamwambia si harufu, mwanangu, si harufu. Akaniuliza ni nini basi. Nikafungua hotipoti nikamlisha kijiko kwa kijiko, na kila akimeza namwangalia koo kama nimemnywesha sumu. Alimaliza yote, akaomba maji.

Daktari wake ni binti wa rika la Veronika, mfupi, ana haraka, lakini akikaa na mtu anakaa kweli. Alituita mimi na mkwe wangu kwenye kichumba chake akatuonyesha picha kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekaa nusu ya kiti. Nitakueleza alivyotueleza, na mimi nimeyachanganya kidogo na lugha yetu ya zizini, utanisamehe.

Alisema uti wa mgongo kule chini kabisa, pale juu ya makalio, unaishia kwenye mfupa mpana wenye matundu, na kwenye matundu hayo inapita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Ndani ya mfupa huo, Magesa ameota uvimbe. Si nyama, ni vyumba vyumba tu vilivyojaa damu. Unavimba polepole, unaula mfupa kwa ndani mpaka ukuta wake unabaki mwembamba kama ganda la yai. Umeshawahi kumtoa ng'ombe kupe aliyeshiba, kaka, unajua alivyo, ngozi nyembamba na damu tupu ndani. Nilipoiona ile picha ndicho kitu kilichonijia. Ulipokosa nafasi ukaanza kuisukuma ile mishipa, ndiyo maana mguu ulikuwa unaburuta, ndiyo maana mkojo ulikuwa hauna breki. Walimchoma sindano wakatoa kipande wakapima, si saratani. Hauambukizi, hakuurithi kwetu wala kwa kina Paskalia, na si yale mawe aliyobeba. Huwapata zaidi watoto na vijana wa umri wake, na alisema wazi kwamba hata wao hawajui vizuri unaanzaje.

Hapo kwenye kutojua nikashtuka. Nikajiambia, tumefika. Nikamuuliza huku nimeinamia mikono yangu.

"Daktari, unaweza kuanzishwa na hasira?"

"Hasira yake?"

"Ya mtu mwingine."

Hakucheka. Mkwe wangu aligeuka akanitazama, maana hajui chochote. Daktari akasema, "Hapana mama. Hata kidogo. Hasira haiingiagi kwenye mfupa wa mtu mwingine. Ingekuwa inaingia, nje pale kungekuwa na foleni mpaka barabarani."

Kumbe naye ni wa huko kwetu kanda ya ziwa, nilimsikia kwa hilo neno moja. Nikapata moyo, nikamuuliza na lile lililokuwa linanikaba zaidi, kwa nini basi kuna wakati alipata nafuu, baada ya kufanyiwa mambo fulani ya nyumbani. Akauliza, wakati huo alikuwa anafanya kazi gani? Nikafikiri. Baada ya mate, kaka, ulikataza asiguse ndoo wala asichunge. Alilala tu, analetewa uji. Daktari akasema maumivu ya namna hii hupanda na kushuka yenyewe, na mgongo ukipumzishwa hutulia kidogo, lakini uvimbe unaendelea na kazi yake. Kwa hiyo ile nafuu tuliyoichinjia jogoo lilikuwa ni pumziko tu.

Utafikiri nilitoka pale naruka. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye benchi la watu wanaosubiri dawa, na aibu iliyonijia pale sijawahi kuipata hata siku ile uani. Siku ile niliona aibu ya mtu aliyefanya ubaya. Hii ilikuwa ya mtu ambaye hakufanya kitu, na akasimama mbele ya ukoo akasema nimefanya. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa najipekua moyo wangu kila jioni nikitafuta uchungu uliobaki, na kila nikipekua naupata, maana nani asiye na uchungu kidogo? Wakati mimi najipekua, na ninyi mnanitazama, ule uvimbe unakula mfupa wa mtoto. Tungempeleka Musoma mapema labda mkojo usingefika kutoka. Hilo nalisema kwangu na kwako pia, kaka, na nimeona aibu kuliandika. Nilikuwa nakuona mbele yangu, nikajua habari hii njema itakukuta vibaya. Ndiyo maana nimekaa nayo muda mrefu bila kukwambia.

Kisha kukawa na habari ya damu. Daktari alisema upasuaji wa uvimbe huu hutoa damu nyingi, hivyo ndugu wajitokeze kuchangia kabla. Mkwe wangu akatoa. Veronika ananyonyesha, wakamkatalia. Wakawa wananiangalia mimi. Kaka, kichwa changu kilikuwa kimeshaelewa yote, lakini mwili ulikuwa bado uko uani kwako. Damu yangu mimi, iende kwenye mgongo uleule? Nilikwenda pale wanapotolea, wakanipima presha, ikawa juu sana. Wakaniambia nikae ninywe maji nitulie. Nikakaa, nikanywa, wakapima tena, bado iko juu. Kijana anayetoa damu akaniuliza, mama unaogopa sindano? Nikamwambia siogopi sindano, namwogopea mgonjwa, damu yangu si nzuri. Akadhani nina ugonjwa, akaanza kunihoji kwa makini, nikamwambia sina ugonjwa, nina maneno.

Sijui alielewa nini. Alivuta kiti akanieleza kwamba damu yangu haiendi moja kwa moja kwa Magesa. Itapimwa kwanza, ikiwa salama itawekwa kwenye friji, atapewa yeyote inayomfaa, na Magesa atapewa ya mwingine inayomfaa yeye. Nikamuuliza, kwa hiyo ya kwangu inaweza kwenda kwa mtu nisiyemjua? Akasema inawezekana kabisa. Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka machozi, watu wakageuka, na waliponipima tena presha ilikuwa imeshuka. Nikatoa mfuko mzima. Wakanipa soda na biskuti kama mtoto aliyechanjwa. Sasa kuna mtu katika mji huu anatembea na damu yangu, labda mama aliyejifungua, labda dereva wa bodaboda, na sijasikia kwamba imemdhuru.

Walimpasua. Waliukwangua ule uvimbe wote walioufikia, wakajaza pale palipoliwa kwa mfupa waliouchota kwenye nyonga yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye korido, safari hii sikusimama mlangoni, na alipoamka mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Tangu hapo namwogesha mwenyewe. Mwanzoni alifunika uso kwa shuka, nami nikamwambia nilikuosha kabla hujajua jina lako, usinisumbue. Sasa tunataniana. Ananiambia naogesha kama napiga deki.

Nisikufiche lingine. Mkojo bado haujakaa sawa. Amewekewa mpira, wanaufunga na kuufungua kukifundisha kibofu. Daktari anasema mishipa ikibanwa muda mrefu huchukua muda mrefu kurudi, labda itarudi yote, labda si yote. Atarudi nyumbani na mkanda wa mgongo, asibebe mzigo, asipakiwe bodaboda kwenye barabara zetu zile mpaka daktari aruhusu. Asikandwe, asichanjwe chale, asipigwe chuku ya kunyonya damu, hata na mtu mwenye nia njema. Na lipo jambo moja naomba ulisome taratibu. Uvimbe huu unaweza kurudi palepale. Si lazima, lakini hurudi kwa baadhi ya watu, ndiyo maana atakuwa anapimwa mara kwa mara. Ukirudi, kaka, usimtafute mtu. Mpeleke Musoma asubuhi yake. Usiniite mimi, wala usimwite dada wa mtu mwingine yeyote.

Nilimweleza Magesa mwenyewe juzi, kwa nini nilikuwa nasimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema siku ile amelala kwenye ngozi, alichokuwa anakifikiria ni kwamba mate yale ni ya baridi na yanatekenya, na alikuwa anajizuia asicheke mbele ya wazee.

Akiruhusiwa nitamleta mimi. Tutashuka Kiabakari, tutakuja taratibu. Sikutumii barua hii ili uniombe radhi. Wewe ni kaka yangu mkubwa, sitaki kukuona unatafuta maneno mbele yangu, nitaona aibu kuliko wewe. Na mimi sijui niombe radhi ya nini, maana nimetafuta kosa langu muda mrefu na nikaambiwa halipo, bado najikuta nalitafuta. Ninachotaka ni kitu kimoja. Uwaite walewale waliokuwepo uani siku ya mate. Uwaite mchana, lango la zizi likiwa wazi. Paskalia apike ugali wa muhogo na mtama, na maziwa mgando kwenye bakuli lilelile kama halijavunjika. Wewe useme mwenyewe, kwa mdomo wako, Magesa alikuwa anaumwa nini. Kisha nitanawa.

Msalimie wifi yangu Paskalia, mwambie mtoto wake anakula vizuri na ameanza kulalamikia chumvi, hiyo ni dalili ya kupona. Msalimie baba mdogo Makuru, mwambie mate yale nilitema yote, hayakubaki mdomoni. Msalimie mwenyekiti wa jumuiya, mwambie kwangu si mbali. Wasalimie wadogo zake Magesa, na yule kaka yake wa Bunda mwambie asilale kwa wasiwasi. Na yule mtamba, ambaye sasa nadhani ameshazaa, mtazame kwa niaba yangu, sina tena neno naye.

Ugali huo nitaumaliza wote mbele yao, kaka, nitakomba na bakuli. Halafu nitaaga kila mtu kwa jina lake, mmoja baada ya mwingine, ndipo nitatoka.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Nyanjura